Wino wa Masizi na Usingizi wa Saa Nane

Jumamosi, 2 Agosti

Nesi wa kliniki kaniambia niandike kila siku Sophia analala saa ngapi, maana nilimlalamikia kwamba mtoto halali. Nimenunua daftari. Nimeandika: hajalala. Kurasa zilizobaki ni nyingi, nitaandika yangu.

Sophia ana miezi saba na meno mawili yanayotoka kwa ugomvi. Dadi ana miaka minne na nusu. Leo kaogesha kuku kwa sabuni ya unga. Kuku mwenyewe wa Shamsia! Baba yao, Hamidu, yuko shambani Makurunge. Hurudi Alhamisi jioni, akala, akalala kama gogo, akiamka anasifu nyumba yetu ilivyotulia.

Shamsia ni jirani, tumetengwa na ua wa makuti. Mwanawe Abdulazizi kaanza chuo cha Kurani kwa Maalim Kitwana mwezi uliopita. Sasa kila siku ya chuo, saa nane mpaka saa kumi, Shamsia analala. Saa mbili nzima. Akiamka anakuja uani, anapiga miayo, ananiambia, "Shoga, usingizi wa mchana unanenepesha." Mimi tangu Sophia azaliwe usingizi wangu ni wa vipande, kama nguo za fundi.

Maalim hapokei mtoto chini ya miaka sita. Na anataka mtoto anayejua kukaa. Dadi hukaa akiwa amelala tu.

Ila leo nimesikia jambo. Maalim karudisha mbao za kuandikia, zile za zamani, kwa sababu madaftari watoto wameyageuza tiara. Anatafuta mtu ajuaye kupika wino wa masizi. Kalamu za dukani haziondoki kwenye mbao, yeye anataka wino unaotoka kwa maji matupu, mtoto akimaliza somo aoshe, kesho aandike lingine.

Bibi yangu Kuruthumu aliupika wino huo miaka na miaka! Nimejifunga mtandio, Sophia kiunoni, mbio kwa Maalim. Nikamwambia kazi hiyo ni ya ukoo wetu, naijua kama kiganja changu. (Nilimwona Bibi akipika mara moja. Nilikuwa na miaka saba, nilikuwa nakula embe.) Akaniuliza ujira wangu. Nikasema sitaki kitu, nataka thawabu. Labda na Dadi akae pembeni, abebe kidau cha wino. Maalim akamtazama Dadi, ambaye wakati huo alikuwa juu ya mlango. Akasema nilete wino kwanza.

Jumamosi ijayo. Mbao thelathini.

Jumapili, 3 Agosti

Nimempigia Bibi Mlingotini. Shikamoo, marahaba, mume, watoto, kuku mmoja mmoja, salio likawa linaisha. Wino: masizi ya kibatari, gundi ya mgunga, maji. Nikauliza kiasi gani. Akasema kiasi. Nikauliza nakoroga mpaka lini. Akasema mpaka mkono uchoke, kisha mkono wa pili uchoke. Akasema nisiongeze kitu kingine, na nisiwe na haraka. Salio likakatika.

Nani ana kibatari siku hizi? Nimetengeneza kwa kopo la nyanya na utambi wa tambara, nikafunika kwa sufuria ili masizi yapande. Toka asubuhi mpaka adhuhuri nimepata masizi ya kujaza kijiko cha chai. Nikaita Dadi aje aone, maana ni vizuri mtoto aone kazi ya mikono.

Dadi kapiga chafya.

Na upande wa pili wa ua Shamsia alikuwa ameanika kanzu nyeupe ya Abdulazizi. Sitaandika zaidi.

Jumatatu, 4 Agosti

Akili! Masizi yapo tele chini ya masufuria ya watu. Nimepita nyumba sita kuomba niwasugulie masufuria bure. Wanawake wamenitazama kama nimeomba kubeba na vitanda vyao. Hajra wa nyumba ya kona akaniuliza masizi nayapeleka wapi. Sikutaka habari za chuo zifike kwa Shamsia, basi nikasema ni dawa ya nywele, zinakuwa nyeusi na nzito.

Kwa nini nilisema hivyo? Kufikia alasiri wamekuja watatu kuuliza iko tayari lini. Shamsia kasimama uani kawacheka. Kasema yeye nywele zake ni za kuzaliwa nazo, hajafika umri wa kujipaka masizi. Nimeona jinsi alivyoshika ile mvi ya kwenye paji.

Masizi: nusu kopo. Usingizi: sifuri.

Jumanne, 5 Agosti

Mgunga hakuna huku. Nimekwangua gundi ya mkorosho, inang'ata vidole lakini inashika. Nimekoroga mkono wa kulia mpaka ukachoka. Wa kushoto ulikuwa na Sophia, sikuuhesabu.

Wino umetoka kijivu. Maji ya kuoshea dagaa yana rangi kuliko huu. Nimekaa kizingitini nikataka kulia, kisha nikamkumbuka babu.

Babu alikuwa akichemsha magome ya mkandaa, ule mti wa mikokoni, anatumbukiza nyavu. Zikitoka ni nyekundu iliyokolea, na ukitupa misumari yenye kutu ndani ya sufuria zinakuwa nyeusi ti. Nyavu zile zilikaa baharini miaka, chumvi, jua, mawimbi, hazikuchuja hata kidogo. Hiyo ndiyo rangi! Bibi alisema nisiongeze kitu, lakini Bibi hana watoto wawili wadogo.

Nimenunua magome kwa mzee wa nyavu pale sokoni. Misumari nimeing'oa kwenye kitanda kibovu. Mfuniko haukai, moshi mtupu, Sophia kakohoa, nikambeba mgongoni nikakoroga kwa mwiko wa pilau. Dadi kauliza napika nini. Nikamwambia wino wa nyavu, lakini ni siri yetu wawili. Kaapa.

Jumatano, 6 Agosti

Mweusi! Unang'aa kama jicho la mbuzi.

Nimeujaribu kwenye mbuzi ya nazi, ubaoni pa kukalia, nikaandika DADI. Nikaacha ukauke, nikamwagia maji. Haukutoka. Nikasugua kwa mkono. Haukutoka. Lakini mbuzi ile ni ya zamani, imelewa tui na makalio ya ukoo mzima, si ubao wa kujaribia kitu. Mbao za Maalim ni mti mwingine.

Kikombe kimoja cha wino nilikiweka juu ya nguzo ya ua kipoe. Nimerudi sikukikuta. Dadi kaapa si yeye, na safari hii mikono yake ilikuwa safi, namwamini.

Alhamisi, 7 Agosti

Chuo kimefungwa Alhamisi na Ijumaa, basi nimempelekea Maalim kwake. Mtungi mzima. Kachovya kalamu ya tete, kaandika alifu kwenye karatasi, kainua juu. Kisha kasema hajaona weusi kama huu tangu mwalimu wake mwenyewe. Nikatazama chini kwa adabu. Moyoni nilikuwa nimeshalala.

Akauliza kama unatoka kwa maji matupu. Nikamwambia kama wa Bibi.

Jumamosi Dadi aje!

Ijumaa, 8 Agosti

Hamidu kaamka, kakuta jina la mwanawe kwenye mbuzi, kauliza tumeanza kuandikisha vyombo. Nikamweleza mpango wote. Kasikiliza vizuri, kasema, "Mke wangu, si ungemwambia tu Maalim kwamba umechoka?"

Wanaume hawajui mambo yanavyoendeshwa. Nimemnyoosha kola na mgongo wa kanzu, kaenda msikitini. Vidole vyangu vilikuwa bado na wino. Wenzake wamemwambia njiani kwamba mgongoni ana alama za chui.

Nimeifua kanzu mara tatu. Chui yupo.

Nimewaza kidogo. Nimeacha kuwaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwogesha Dadi, kofia, kanzu, mafuta mpaka magotini. Nimemwambia akae, asipande kitu, asile kitu, na akichovya kidole kwenye kidau nitajua, maana kidole kitasema chenyewe. Kabeba kidau kwa mikono miwili, katembea kama amebeba yai la mfalme. Mlangoni kageuka kunitazama. Nikataka kumrudisha. Nikakaza uso, nikampungia mkono.

Saa nane juu ya alama nikajilaza na Sophia. Hakutaka. Nikamwimbia, nikambeba, nikamtembeza chumba kizima, miguu yangu haikutua. Saa nane na dakika arobaini kafumba jicho moja. Kisha la pili. Nikaweka kichwa kwenye mto. Utamu ule siwezi kuuandika.

Hodi.

Nimefungua mlango. Watoto thelathini, mbao thelathini, kila ubao una alifu, be, te. Nyuma yao Maalim, kashika kata ya maji. Namshukuru Mungu walikuwa wameanza na herufi tu, hawajafika kwenye aya.

Maalim hakupandisha sauti. Alisema, "Mama Dadi, ubao wa chuo hufutwa ili mtoto apate pa kuandika kesho. Wino wako hautaki kesho."

Nikasema labda maji ya kisima chao yana chumvi. Hapo Dadi, kwa sauti ya kuadhini, akamweleza Maalim kwamba huo ni wino wa nyavu, mama kaupika na misumari ya kitanda, na ni siri.

Watoto wamefurahi kupita kiasi. Wanasema wamehitimu, somo jipya halina pa kukaa. Wamejaza uwanja wangu. Tumesugua kwa maji, mchanga, jivu, ndimu. Alifu inazidi kung'aa. Abdulazizi ana masharubu kamili. Nilingoja Shamsia aje uani acheke. Hakuja. Ajabu.

Jumapili, 10 Agosti

Hukumu imetoka. Wino mpya kauleta mpwa wa Maalim, ni masizi na gundi na maji, basi. Lakini mbao thelathini nizisugue mimi, palepale chuoni, saa nane mpaka saa kumi, mpaka zitoke nyeupe. Kwa sasa watoto wanasoma kwa mdomo.

Na Dadi? Nilitegemea kufukuzwa. Maalim kasema mtoto abaki. Jana nzima alikaa pale alipowekwa, akilinda kidau, hakutikisika, na mkubwa mmoja alipotaka kuchovya bila ruhusa kamzuia kwa kumkalia mkono. Kasema, "Huyu anajua kukaa. Alikuwa hajapewa kitu cha kukalia."

Nimegeuza uso nikajifanya mchanga umeniingia jichoni.

Basi mwanangu kapokewa chuo, na saa zangu mbili za kulala ndizo zilezile za kusugua mbao. Hesabu hii nimeirudia mara nne, haibadiliki.

Jioni nilikuwa nachuma majani ya msasa, ndiyo yanayokwangua mbao vizuri kuliko yote. Shamsia katokea uani, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, jua lote lile. Kisha kaniuliza chinichini, "Shoga, hayo majani, kwa ngozi yanafaa?"

Nikamwomba afunue. Paji zima, sikio mpaka sikio, jeusi ti kama ufito wa banda la jiko. Mvi yenyewe nyeupe vilevile.

Sikucheka. Nimempa majani, nimemwambia asugue polepole na mafuta ya nazi. Nimedai kikombe changu. Nimecheka nikiwa ndani.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya kwanza ya hukumu. Nimekaa nyuma, mkekani, ubao mapajani, Sophia ubavuni. Watoto thelathini wanasoma kwa sauti moja, wanapanda, wanashuka, wanapanda. Nilidhani Sophia atapiga kelele za kuvunja chuo.

Sophia kalala.

Nikamtazama. Nikasugua kidogo. Sauti zinapanda, zinashuka. Nikaegemea ukuta niangalie tu kama ubao umenyooka.

Nimeamshwa saa kumi. Saa kumi! Niliposhtuka Dadi alikuwa kasimama mbele yangu, mgongo kanipa mimi, mikono kaitanua kama mlango, kidau miguuni. Anawaambia wenzake wapite mbali, mama yake amelala na asiguswe. Nimemshika nikamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Kisha nikamgombeza, maana hakuwa amesoma hata herufi moja.

Mbao zilizosafishwa: moja. Haya, nusu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelala tena. Sophia naye. Nesi atafurahi, nimejaza mstari wake kwa mara ya kwanza.

Kasoro moja. Nilipoamka nilikuta watoto wakubwa wamesugua mbao ishirini. Maalim kawaagiza, kawapa majani ya msasa, kawaambia wasipige kelele. Nani kamwomba?

Jumatano, 13 Agosti

Zimebaki mbao mbili. Mbili! Ningejaribu kulala nyumbani, lakini jana asubuhi nilijaribu: kimya, Sophia macho kodo, na Shamsia anasugua paji upande wa pili krr, krr, krr.

Maalim kaniita pembeni. Nilijua ndiyo mwisho. Kasema kazi ndiyo inakwisha, Dadi yuko vizuri, na mimi nikitaka niendelee kuja na mtoto, nikae nyuma pale, hata bila mbao. "Karibu wakati wowote, Mama Dadi. Hukai bure, wanasoma kwa adabu ukiwepo."

Mtu muungwana sana. Nimemshukuru. Lakini mimi si mtoto, najua maneno ya adabu. Mtu hawezi kwenda kukaa kwenye chuo cha watu bila sababu. Leo karibu, kesho watu watauliza yule mama kazi yake nini pale. Lazima niwe na kazi.

Nimepita sokoni kwa mzee wa nyavu. Sufuria iko jikoni sasa hivi, magome yanachemka. Safari iliyopita misumari ilikuwa michache, ndiyo maana msasa umeshinda. Leo nimetia kitasa kizima. Wino mpya wa Maalim haujazi kidau, pa kuongezea papo, na Jumamosi anayebeba kidau ni mwanangu.

Dadi kachungulia sufuria. Kauliza kama huu nao ni wa nyavu. Nikamwambia ndiyo, lakini ni siri yetu wawili.

Kaapa.