Kiwanja Kilicholala Upande

Jumatatu, 9 Juni
Alhamisi mwenyekiti wa mtaa, Bi Efrazia, anapima viwanja vyetu hapa Misugusugu. Akishapiga muhuri, imetoka hiyo. Changu ni mita ishirini kwa kumi na tano. Lakini kona nzuri ya barabarani iko kwa jirani wa kulia, Rajabu seremala. Naitaka kwa kibanda cha chipsi. Naitaka mpaka chakula hakipiti!

Nimefungua daftari la hisabati la binti yangu Nuria. Mstatili: pande zinazokabiliana ni sawa. Msambamba: vilevile! Tofauti eti ni pembe. Nani mtaani anapima pembe?

Jumanne, 10 Juni
Rajabu kaenda msibani Kisarawe. Nimeng'oa minyaa ya mpakani na kusogeza vigingi vyote viwili vya mbele mita tano kuelekea kulia, nikavivuta ndani kidogo ili kila upande ubaki na urefu wake. Vya nyuma sijagusa. Kila pikipiki ikipunguza mwendo, naficha jembe. Utomvu umeniingia jichoni. Mke wangu Maulida kauliza nalia nini. Nimesema namlilia marehemu wa Rajabu.

Jumatano, 11 Juni
Bi Hajira, jirani wa kushoto, hajanisalimu tangu mwaka juzi. Leo kaleta vitumbua! Kasema hongera kwa kazi, baba Nuria, huku akitabasamu. Anachekea nini?

Alhamisi, 12 Juni
Tepu imezunguka: ishirini, kumi na tano, ishirini, kumi na tano. Safi! Bi Efrazia katoa muhuri. Nikamshikia wino mwenyewe.

Ndipo Rajabu akaingia, bado na kanzu ya msibani. Akasema fremu ya mlango inaweza kuwa na pande sahihi na mlango ukagoma kufunga. Akaomba tepu ivutwe kona kwa kona. Ya kwanza, karibu ishirini na tisa. Ya pili, haikufika ishirini na moja. Akasema kwenye mstatili hizo mbili hulingana.

Nikabisha. Bi Efrazia akaniuliza taratibu kama hiyo ndiyo mipaka yangu, kulia na kushoto. Nikasema yote! Bi Hajira akaruka na shukrani, akanyoosha kidole. Bomba letu la maji, tulilolisubiri miaka mitatu, liko kona ya mbele kushoto niliyoihama; sasa lilikuwa kwake. Maulida akasema muhuri urudi mkobani na minyaa irudi shimoni. Hakupaza sauti. Nimeogopa sana.

Jumamosi, 14 Juni
Minyaa imerudi. Kupima upya ni Jumanne. Nuria kapiga hesabu: kile kiwanja kilicholala upande kingekuwa kidogo kuliko mstatili, kwa mita za mraba kama kumi na saba. Sikumuomba.

Kosa nimeliona. Nilisogeza kona mbili! Trapeza inataka moja tu, ile ya kulia, na bomba linabaki. Mbele itasoma ishirini na tano badala ya ishirini. Lakini upande ule walishaupima. Nani atarudia kupima kitu kile kile? Jembe nimeshanoa.