Fundi Bingwa Kaziba Mpaka Pumzi

Redio ya muuza kahawa ndiyo iliyochokoza nyuki asubuhi ile. Mtangazaji alisema nyumba zikikarabatiwa vizuri ili zisile umeme, wakazi nao hupata afya. Fundi Bingwa, aliyemaliza kuziba nyufa zote za jengo lililo nyuma ya kijiwe, akajinyoosha benchini kama bwana harusi.

"Mmesikia? Kumbe mimi daktari, najidharau tu!"

"Daktari wa maiti," akadakia Kinyozi, mpangaji wa chini. "Tangu unizibie, ukuta umeota ndevu za ukungu. Nanyoa ukuta kwanza, wateja baadaye."

Kijiwe kikaangua kicheko. Bingwa naye akacheka, ila kicheko cha meno ya mbele tu.

"Uchafu wako huo! Mimi nimezuia baridi."

"Na hewa pia. Juzi nimekaanga kitunguu. Leo nimeamka, harufu yake ikanisalimia."

Mwalimu Mstaafu akashusha kikombe. "Bingwa, redio imesema ziba nyufa, ila acha njia ya hewa. Yale matundu ya juu ya madirisha uliyafanyaje?"

"Niliyapiga plasta. Tundu ni tundu, mwalimu."

"Hongera. Pua za wapangaji zimekuponyokaje?"

Bingwa alikuwa akiinua kikombe chake alipomwona shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa, akitoka mlangoni huku ameshika kifua. Chumba chake cha ghorofa ya kwanza ndicho alichokiziba mwanzo, bure, kwa mapenzi.

"Shikamoo, shangazi. Mbona nje na baridi hii?"

"Marahaba, baba. Chumba kina joto zuri, Mungu akubariki. Ila kifua kinabana, siku hizi nashinda kwenye ngazi." Akakohoa mpaka machozi. "Sikutaka kukwambia. Ulikuwa umefurahi mno."

Bingwa akaiacha kahawa, akabeba nyundo na patasi, akamshika shangazi mkono, wakapanda pamoja.

Kijiwe kikasikia ngo! ngo! ngo! Vumbi la plasta likamwagika, tundu likafunguka juu ya vichwa vya wanakijiwe.

"Fundi gani huyu," Kinyozi akanong'ona, "analipwa kuziba, anazibua bure? Ukoo mzima hawana akili."

Sauti ya shangazi ikashuka kutoka tunduni, safi, bila kikohozi:

"Kinyozi! Nakusikia!"

Kijiwe kikatawanyika bila kuagana.