Tandiko la Marehemu Kaka na Mistari Miwili

Jumapili, 7 Aprili
Kijiji hiki kina watu mia sita, na wote wananitegemea mimi. Hawajui tu. Nilipokuwa jeshini, jenerali mzima aliniuliza mimi, Toktosun, kama mvua itanyesha. Nikatazama juu. Nikamwambia itanyesha. Ikanyesha mpaka vifaru vikaota uyoga.

Leo Nurdolot, mtoto wa marehemu kaka yangu, amerudi kutoka kwenye ujenzi Moscow. Kondoo kachinjwa. Aizirek, mkewe, alimimina chai mpaka ikafurika, macho yote kwa mume. Wana miaka mitatu ya ndoa, na karibu yote wameimaliza kwenye simu.

Nurdolot kasema mbele ya watu wote: tiketi ya kurudi ni ya tarehe ishirini na saba. Lakini mke akishika mimba, tiketi anaichana. Anabaki nyumbani, ataendesha basi dogo huko mjini. Aizirek akainamisha kichwa. Nilimwona anavyokunja vidole. Maskini, anataka mumewe abaki kuliko kitu chochote duniani.

Hapo shemeji Sayrakan, mama yake Nurdolot, akaapa: atakayemletea suyunchu ya mjukuu atachukua tandiko la farasi la marehemu. Lile lenye mapambo ya fedha! Chai ikanipalia.

Kwetu habari njema haitembei bure. Anayeifikisha wa kwanza anapiga kelele "Suyunchu!" na ni lazima apewe zawadi. Na wa kwanza siku zote ni Bi Kalipa, tarishi mstaafu wa posta, bibi wa miaka sabini na kitu. Ana kofia, ana vitambaa, ana beberu mmoja mkali, vyote vya suyunchu. Safari hii hapati kitu. Tandiko lile linamfaa mwanamume wa farasi kama mimi. Ujanani niliwahi kumtuliza farasi wa mwitu kwa kumkazia macho tu.

Jumanne, 9 Aprili
Mpango uko tayari. Bi Kalipa huwa anasubiri wanawake watapike. Mambo ya kizamani! Mimi natumia sayansi.

Nimekwenda duka la dawa kununua kipimo cha mimba, kile cha kijiti. Gulzat, mwenye duka, akauliza ni cha nani. Nikasema cha ng'ombe. Akasema hajawahi kuona ng'ombe anayeweza kulenga kikombe. Wateja wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwazidi, wajue nilikuwa natania.

Nikamwuliza kama mume amerudi juzi, je, leo kijiti kitaonyesha? Akaniuliza kama nikipanda viazi juzi leo nachimba. Kisha akanieleza polepole, kama anaongea na kiziwi. Mimba ikitunga huchukua kama wiki nzima, pengine zaidi, kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba. Ikishajishikiza ndipo mwili unaanza kutoa homoni yake, na kijiti kinatafuta homoni hiyo tu, hakimtafuti mtoto. Kwa hiyo mwanamke angoje mpaka siku zake zichelewe, yaani wiki mbili hivi tangu mimba itunge. Akipima mapema kijiti kitamwambia hana, kumbe anayo. Nikamwambia hayo ni ya watu wa kawaida. Ukoo wetu hukomaa haraka. Mimi nilitembea nikiwa na miezi minne.

Akaanza kunieleza kwamba majibu yasomwe ndani ya dakika chache. Sikumsikia vizuri, nilikuwa mlangoni.

Nikampelekea Aizirek vijiti viwili kwa siri, nimevificha ndani ya soksi. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza, "Baba mdogo, hii soksi ni safi?" Nikasema kwa ndani ni safi.

Jumanne, 16 Aprili
Kapima! Najua kwa sababu asubuhi nilikuwa nakagua ukuta wa choo chao. Akatoka macho yamemvimba. Mstari mmoja, na mmoja maana yake hapana. Akasema labda ni mapema mno. Nikamwambia mama yangu hakujua ana mimba yangu mpaka siku ya kunizaa, alidhani ni kabichi. Akacheka kidogo. Nimefurahi kwamba alicheka.

Nikajitolea kumwaga majivu. Ndani ya ndoo, nini? Kijiti! Nikakitia kwenye kofia. Jioni nikakitoa nikakigeuza juani. Mistari miwili! Wa pili mwembamba, wa kijivu, kama sharubu la paka. Lakini upo!

Njiani namwona Bi Kalipa anakuja na kapu lake. Nikatimua mbio. Nikampita. Nikaingia kwa shemeji nikipiga kelele: "Suyunchu! Suyunchu! Mstari wa pili upo, kama sharubu la paka!" Shemeji akanikumbatia huku analia, akanimwagia peremende kichwani. Nurdolot akamnyanyua mkewe mpaka juu.

Ndipo nikauona uso wa Aizirek. Alikuwa anatikisa kichwa.

Jumatano, 17 Aprili
Gulzat kasema ule mstari ni alama ya mkojo uliokauka. Mkojo! Na mimi nimekaa nao kwenye kofia kutwa nzima.

Kijiji kizima kinaniita Baba Kijivu. Bi Kalipa kapita akiuliza kama paka wangu hajambo. Shemeji hanisemeshi, anaokota peremende chini ya makochi. Nurdolot kaitoa tiketi mfukoni, kailaza juu ya televisheni. Aizirek kaiona.

Hajanilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililonichoma. Nilimpelekea bakuli la malai na hotuba ndefu kuhusu makosa ya watu wakuu. Akanikatiza, "Kaa basi unywe chai, baba mdogo." Akanimiminia mwenyewe. Nikamwuliza kama atapima tena. Akasema hataki tena mtu amwagiwe peremende bure.

Jumamosi, 27 Aprili
Siku gani hii!

Nurdolot kaondoka asubuhi. Mama yake kamsindikiza hadi darajani, ambako teksi ya kwenda mji mkuu, Bishkek, husubiri mpaka ijae. Mimi nikabaki uani nikimsaidia Aizirek kulia. Mara akafuta machozi, akaingia chooni. Kumbe siku zake zimechelewa na alikuwa hasemi, anaogopa.

Akatoka amekishika kijiti cha pili. Mistari miwili! Si kijivu. Myekundu kama pilipili, wa pili sawasawa na wa kwanza, na kijiti bado kibichi! Akakaa kwenye ngazi, anacheka na kulia. Akaniambia, "Kimbia, baba mdogo!" Mimi! Kaniambia mimi wa kwanza!

Darajani ni bondeni, simu haishiki. Jirani mwenye gari akaniuliza leo mstari ni wa rangi gani, akafunga dirisha. Akabaki farasi wa Bi Kalipa, amefungwa langoni kwake. Nikamtazama farasi. Farasi akanitazama. Bi Kalipa akatoka. Sikuwa na la kufanya, nikampa kijiti. Akavaa miwani, akakisoma mbele na nyuma kama anatafuta anwani. Akasema, "Panda nyuma yangu, kijana."

Tukafika mlango wa teksi unafungwa. Nikapiga kelele, "Suyunchu!" Watu wakaangua kicheko. Nurdolot hakugeuka. Shemeji akasema, "Toktosun, utaniua, nenda nyumbani."

Basi Bi Kalipa akasimama juu ya farasi akaita mara moja tu. Mama huyu kapeleka barua maisha yake yote na hakuna aliyewahi kupata isiyo yake. Teksi ikazimwa. Nurdolot akateremka, akaichana tiketi vipande vipande, akakimbia kupanda mlima kwa miguu, begi kaliacha barabarani. Shemeji akakaa chini kwenye vumbi akilia kama mtoto.

Tandiko kapewa Bi Kalipa.

Jumapili, 28 Aprili
Bi Kalipa kapita dirishani kwangu mara kadhaa, tandiko linameremeta. Dhuluma tupu.

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilichelewa. Ijumaa binti wa mwanakijiji mwenzetu Omurbek anaolewa. Vijiti nimeshanunua, soksi nimeifua, Ijumaa usiku atakuwa nayo mkononi, Jumamosi asubuhi mimi niko mlangoni kwa mkwe wake. Gulzat kaegemeza kichwa ukutani. Ameishiwa hoja.

Aizirek kaniletea maandazi ya moto, akaniuliza kwa upole tandiko lile nilikuwa nalitakia nini hasa. Nikamjibu kwamba mwanamume wa farasi haulizwi. Akatabasamu, akaenda zake.

Nitalisema hapa tu. Sijawahi kumpanda farasi maisha yangu yote, nawaogopa. Jana nilifumba macho kuanzia langoni hadi darajani, nimeng'ang'ania mkanda wa Bi Kalipa, na nilichokuwa nakisema njia nzima ni "Polepole, mama, polepole."