Godoro la Yule Anayekoroma

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi njema, imeharibiwa na kinyozi. Nimekaa kwenye kiti chake, povu hadi masikioni, mara redio yake ikatangaza vitanda na magodoro ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Jina la duka, kisha "mkabala na posta." Kinyozi akasimamisha wembe na kusema kumbe shemeji yako ana mambo makubwa. Mimi nauza magodoro yale yale, ya kiwanda kile kile, mtaa wa nyuma, mlango wa bluu. Miaka yote ananinyoa, hajawahi kuniuliza nauza nini.

Na wakati wenyewe ni mbaya. Hosteli mpya ya chuo inatafuta magodoro ya vyumba vyote. Atakayeipata kazi hiyo, mwaka wake umenyooka. Shemeji anaitaka. Mimi naistahili.

Nimeamua: televisheni. Redio ni ya masikio, na sikio halijawahi kununua kitanda. Mke wangu, huku akishona foronya, kasema wateja wetu mchana wako kazini. Fundi cherehani, dereva, mpishi, wote mikono imebanwa ila masikio yako huru. Nani atakaa aangalie televisheni? Nimemjibu kwamba macho hayana pazia. Akasema godoro haliangaliwi, linalaliwa.

Namheshimu mke wangu. Lakini biashara ina wenyewe.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya kukumbukwa. Mpiga picha kaja dukani na mataa yake. Kashauri tutafute mwigizaji, kijana mwenye tabasamu. Nimemuuliza kama mwigizaji huyo ndiye atakayelipa kodi ya duka. Kashauri basi mtangazaji asome jina la duka na mtaa juu ya picha. Nimekataa. Sauti ninayo.

Mpango wangu: nimelala kwenye godoro letu bora, nimevaa suti. Nafumbua macho. Nasema, "Mimi ndiye." Kisha jina la duka, mtaa, mlango wa bluu. Suti ni lazima. Mfanyabiashara halali hivi hivi.

Jana usingizi haukuja, nilikuwa nakariri maneno. Na mataa yale yana joto zuri. Nakumbuka mpiga picha akiniuliza kama niko tayari. Kisha nakumbuka mke wangu akinitikisa bega, mataa yamezimwa, nyaya zinakunjwa. Mpiga picha kasema muda wangu umekwisha, amepata alichopata, jina la duka ataliandika kwa chini.

Mke wangu kauliza najisikiaje. Nimemweleza kwamba waigizaji wakubwa hufanya hivyo hivyo, huzama.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeita ukoo mzima sebuleni. Mama mkwe, kiti cha mbele. Shemeji naye kaja, mpole kama kawaida yake. Upole huo ndio unaoniudhi.

Tangazo limetokea katikati ya taarifa ya habari. Mimi, suti, godoro. Nakoroma. Tena si kukoroma kwa mchezo: pumzi ndefu, kituo, halafu mlio kama meza inayoburutwa. Mdomo wazi. Kumbe mpiga picha kaniacha hivyo mwanzo hadi mwisho. Jina la duka lilikuwepo, naapa, ila ule utepe wa habari unaopita chini ya picha umelifunika. Chini ya viatu vyangu imepita bei ya mafuta.

Mama mkwe kasema taratibu, "Mwanangu, kumbe unachoka hivi."

Shemeji kasema, "Shemeji, umelala vizuri sana." Nimemkagua uso kutafuta kejeli. Sikuipata. Nimetafuta sana.

Hata hivyo, nimeonekana na nchi nzima. Nani mwingine katika ukoo huu?

Jumatatu, 13 Mei

Mji wote unanijua. Muuza vitunguu ananiita Mzee Koroma. Watoto wa shule wamenikoromea barabarani, nami nikawapungia mkono. Ukubwa ni jalala.

Dukani, hata nzi hakuna. Nikapita posta kuchungulia. Foleni kwa shemeji! Mama mmoja anaomba "godoro la yule anayekoroma." Kumbe tangazo lake la redio limeongezwa maneno: lile godoro mliloliona kwenye televisheni lipo kwetu, mkabala na posta. Na si uongo, kiwanda ni kimoja. Nimelala mimi, anauza yeye.

Nimemvaa palepale. Kajibu bila kupandisha sauti kwamba watu walikuwa wakimuuliza kila saa, akaona awajibu wote kwa pamoja. Ningetaja duka langu, wangekuja kwangu. "Shemeji, wewe umewatia hamu. Mimi nimewaonyesha njia."

Nikamwambia atajuta. Akanipa soda. Nimeinywa, nilikuwa na kiu.

Jumatano, 15 Mei

Dawa ya moto ni moto. Leo nimekwenda redioni mwenyewe, hewani moja kwa moja. Suti imepigwa pasi, kwapani nimebana godoro la kitoto kama mfano. Mtangazaji, binti mwenye adabu zake, kaniambia nitaje jina la duka na mtaa, basi. Kazi nyepesi.

Taa nyekundu ikawaka. Nikawaambia wasikilizaji watazame mshono huu. Nikalibonyeza godoro, nikasema oneni linavyojirudi. Nikawaelekeza kwa mkono: duka liko kule, ukifika hapa unakata hivi, mlango una rangi kama ya tai yangu.

Binti akaninong'oneza, "Mzee, hawakuoni."

Nikamjibu kwamba juzi waliniona vizuri tu. Akaweka muziki.

Nimerudi kifua mbele. Dereva wa teksi, aliyekuwa akisikiliza, kaniambia hajawahi kusikia kitu kama kile.

Alhamisi, 16 Mei

Hosteli ni yetu.

Jana, nikiwa redioni, msimamizi wa hosteli, mama mmoja, alikuja dukani. Mke wangu kanieleza leo, mkataba ukiwa umeshasainiwa. Anasema aliona bora nisizungumze na yule mama kwanza. Mama mwenyewe aliliona tangazo, akasema usingizi ule hauigizwi, godoro ni lile lile analolitaka. Akaenda posta. Kwa shemeji hakukuwa na kitu, foleni ilimaliza ghala zima. Shemeji akafunga duka, akamleta kwa miguu hadi kwenye mlango wa bluu. Mke wangu akamlaza juu ya godoro, akamwacha atulie, akamaliza kushona foronya yake. Mama aliamka akiomba kalamu.

Nimetafakari. Nani aliyemleta? Televisheni. Mke wangu anasema televisheni ilimfikisha posta tu, na kutoka posta alifikishwa na kaka yake. Anasema turudi redioni, aseme yeye, jina na mtaa, basi. Nimempongeza kwa msaada wake.

Kisha nimempigia mpiga picha. Tangazo la pili, refu zaidi. Safari hii macho wazi mwanzo hadi mwisho, nikieleza maisha yangu tangu utoto. Kauliza jina la duka na mtaa aviweke wapi. Nimemwambia asinijazie picha maandishi. Mtu anayejulikana kama mimi haulizwi anapatikana wapi.