Dobi na Sanduku la Maoni

Jumatatu, 3 Juni
Tangazo limebandikwa kwenye kiwanja kitupu, hapo jirani. Ghorofa nne. Familia kumi na sita. Nimelisoma mara tatu, ya nne kwa sauti. Upande jua linakochomoza! Nimesimamisha mpini wa ufagio uani, nikapima kivuli, nikapiga hesabu: jua litafika kwenye kamba zangu saa sita mchana. Dobi bila jua la asubuhi ni mtu aliyekaa na nguo mbichi za watu, basi. Wakazi tumepewa wiki moja kutoa maoni. Yangu nimeyaandika papo hapo, na vipimo vyote. Bahasha nimeifunga kwa gundi.

Jumanne, 4 Juni
Afisa wa mipango miji amekuja na sanduku la maoni. Aliuliza nani hufungua mlango asubuhi hadi jioni. Nikainua mkono kabla ya mshona nguo, jirani yangu wa ukuta mmoja na adui yangu wa miaka tisa. Amenuna! Sanduku limekaa kati ya pasi na kikapu cha soksi. Halina kufuli. Afisa alisema ananiamini. Hata mimi najiamini.

Ijumaa, 7 Juni
Bahasha ishirini na tatu. Ya mwalimu mstaafu ni nene kama mkate. Mtu anaandika nini kirefu hivyo kuhusu nyumba ambayo haijajengwa? Mke wangu akaniambia niziache, za watu ni za watu. Nikamjibu sina haja nazo. Alipotoka kwenda sokoni nikabandika birika. Mvuke kidogo tu, gundi ikalegea yenyewe. Mimi nilishika tu.

Makubwa! Mwalimu anataka ghorofa ziwe tano, binti yake apate nyumba karibu. Fundi viatu anauliza wapangaji watakuwa wa kutembea au wa magari. Mshona nguo anapinga kwa sababu ya vumbi, halafu ukurasa mzima wa pili ni juu yangu na maji yanayochuruzika kwake. Na moja, mwandiko naujua: “Naunga mkono. Familia kumi na sita ni mashuka mangapi kwa wiki? Mume wangu amepima kivuli, hajapima kazi.”

Nilikaa chini. Kikulacho ki nguoni mwako, na dobi ndiye mimi!

Mvuke ulikuwa umezikunja barua zote na bahasha zake. Karatasi iliyokunjamana inaniumiza macho. Nikazipiga pasi, nikatia wanga kidogo kwenye pembe zilizogoma kushika. Zimependeza mno.

Jumatatu, 10 Juni
Siku mbaya. Afisa alifungua sanduku mbele ya watu. Bahasha ya kwanza aliiweka mezani, ikasimama wima. Ya pili hivyo hivyo. Akainusa. Mshona nguo akasema hata kola ya bwana harusi hainyooki namna ile. Nikasema ni joto la chumba. Mke wangu akatazama dari.

Maoni yote yamefutwa, yataandikwa upya. Sanduku limehamia kwa mshona nguo, na kufuli juu. Mimi nimekatazwa kuandika tena. Kisha afisa akanivuta pembeni, akasema barua moja tu ilikuwa na vipimo, ile ya kivuli. Ingetosha kulirudisha jengo nyuma hatua kumi. Jua langu lingebaki. Lingebaki! Nimeumia, sifichi.

Jumatano, 12 Juni
Nimembembeleza mke wangu siku mbili aandike yeye, kwa jina lake, na vipimo vyangu. Nimeosha vyombo. Nimemsifu dada yake. Leo ameandika, muda mrefu, akitabasamu mara mbili. Nikamuuliza ameandika jua au mashuka. Akasema nitajua jengo likisimama. Akafunga bahasha, akaiacha mezani, akaingia chumbani kutafuta viatu, na akasema kwa sauti kwamba atachelewa kuvipata.

Hiyo ni imani. Nimeguswa kweli. Mume mwenye akili angekaa kimya amwachie mkewe.

Alitabasamu kwa nini mara mbili?

Birika limeshaanza kuimba. Safari hii wanga sitii.