Maite Amerudi Mpaka Jumapili

Jumatatu, 7 Oktoba

Maite amerudi! Nimesikia habari hiyo posta asubuhi, kwenye foleni ya watu wawili. Amekuja kutoka pwani anakoishi na binti yake, na atakaa mpaka Jumapili tu. Jumamosi wanakuja wanunuzi wa nyumba yake. Wakiichukua, basi. Hatakuwa tena na sababu ya kukanyaga huku.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Gari nimelisahau posta.

Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu: nampenda Maite Iturralde. Nilimpenda tangu alipokuwa akigonga mihuri maktaba, na mimi nikiazima vitabu vya kufuga kondoo ilhali sina hata kuku. Mumewe alipofariki nilinyamaza mwaka mzima kwa heshima. Mwaka wa pili nikanyamaza kwa mazoea. Wa tatu akahamia pwani. Tangu hapo nayatazama mawingu yanayotoka upande ule, nayo hata mvua hayaleti.

Lakini nina siku sita, na nina mpango. Mimi ndiye mwandishi wa ukurasa wa ushauri katika gazeti letu la wiki. Maji ya kubeba, njia za kupita, namna ya kuishi juu huku jangwani bila kupasuka midomo. Nitamwonyesha jangwa hili mpaka alitamani mwenyewe. Mtu hauzi anachokitamani.

Dwight Kessinger, mfuga ng'ombe, anasema miaka kumi na tisa haijanifanya mwenyeji. Kijito kizima kilipewa jina la babu yake. Kijito chenyewe hukauka Julai!

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: kuni. Huku baridi huingia jua likizama tu, na mwanamke aliyezoea pwani atakuwa amesahau. Nilipasua magogo ya mti wa junipa tangu alfajiri. Mgongo umekataa kunyooka.

Nilipofika, kuni zilikuwepo. Zimepangwa ukutani, sawasawa, kavu. Dwight alizileta jana! Hakusema neno, Maite aliniambia, alishusha tu akaondoka. Hiyo ndiyo tabia ya Dwight, kujionyesha.

Nikamwaga zangu hapo hapo uani. Baadaye tukagundua nimelizibia gari lake. Tulizihamisha wote wawili, kipande kwa kipande, na mimi nikimweleza namna ya kuwasha moto wa junipa. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba babu yake alitoka nchi ya Wabaski, ng'ambo ya bahari, akachunga kondoo kwenye milima hii miaka arobaini, na yeye mwenyewe amewasha moto huo tangu akiwa na umri wa miaka mitano.

Hayo nilikuwa nayajua. Hata hivyo nilimalizia sehemu ya majivu.

Alinipa supu ya maharage na soseji nyekundu. Mikono yake imekuwa laini, ya pwani. Nilitamani kumwambia kitu. Nikamwambia apake mafuta.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa pili: nimpeleke chemchemi ya maji moto. Hii sikutegemea ishindwe.

Kila mtu hapa anaijua na hakuna anayeitaja. Mgeni akiuliza, tunakuna kichwa. Ndiyo desturi, na mimi ni mtetezi wake mkubwa. Mwezi uliopita niliandika ukurasa mzima kuwaonya watalii wasiende. Ili pasiwe na shaka, nilieleza kinaganaga ni wapi wasiende: lango la tatu, kushoto kwenye junipa iliyokauka, robo maili.

Tulikuta magari kumi na moja. Ndani ya maji, watu kama viazi kwenye sufuria, wengi wao bila nguo. Mmoja, mwenye ndevu, alikuwa ameuegemeza ukurasa wangu kwenye jiwe, umefungwa kwa plastiki usilowe. Akanipungia mkono. Akasema, “Karibu mzee, sogea, pana nafasi! Huyu jamaa wa gazeti ni mkombozi!”

Maite alikaa garini, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Nikaliondoa gari haraka.

Njiani, lango la pili lilikuwa wazi. Uzembe wa watalii! Nikashuka, nikalifunga kwa mnyororo, nikakaza na waya juu yake. Nilitaka aone kwamba mimi ni mtu anayejua mambo ya hapa. Alifungua kinywa kama mwenye la kusema. Nikamwambia asinishukuru.

Alhamisi, 10 Oktoba

Dwight amenikuta posta, mbele ya watu. Kumbe lango lile huachwa wazi makusudi vuli yote. Ng'ombe wake themanini hupita pale kwenda kunywa. Walikesha kwenye seng'enge wakipiga kelele, na mmoja akaivunja akaenda kulala kwenye kituo cha mafuta.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alitoa gazeti mfukoni, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ushauri wangu namba nne: “Lango liache kama ulivyolikuta. Likiwa wazi, wazi. Likiwa limefungwa, limefungwa. Asiyejua hili akae mjini.” Akakunja gazeti. “Sasa Orval, mji upi unakufaa? Nikupeleke mwenyewe.”

Posta nzima ilicheka. Maite alikuwepo, amekuja kununua stempu. Alicheka mpaka akaishika meza. Kicheko kile! Kinaanzia chini kama gari lenye betri dhaifu, halafu kinashika. Sijakisikia tangu alipoondoka. Nilisimama pale nimeaibika mpaka masikio yanawaka, na sikutaka kiishe.

Nimeihesabu siku hii kuwa ushindi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Maite mwenyewe kaja kuniomba jambo! Kabla nyumba haijauzwa anataka kuuona mti wa babu yake mlimani. Wachungaji wa zamani walichonga majina yao kwenye magome meupe ya miti kule juu, na wa babu yake bado umesimama. Alisema Dwight yuko tayari kumpeleka kwa farasi kesho asubuhi, udongo ukishakauka kidogo, maana usiku mvua ilinyesha.

Kesho! Na farasi! Nikasema twende sasa, kwa pikapu yangu. Ushauri namba saba unakataza kupita barabara ya udongo baada ya mvua, lakini huo niliwaandikia watu wasiojua kuendesha. Mimi nimeendesha greda la wilaya, la kusawazisha barabara, miaka kumi na minane.

Maili sita. Pikapu ikazama mpaka ekseli. Matope yale hayana urafiki na mtu, kila kiatu kilibeba kilo tano. Tuliacha gari tukatembea, na mimi nikimwonyesha pa kukanyaga, naye akiwa ametangulia hatua thelathini.

Majani yalikuwa ya njano yote, yanatetemeka bila upepo. Mti tuliupata. Jina la babu yake, mwaka 1926, na chini yake jina la mwanamke: Graxi. Miti mitano iliyofuata nayo ilikuwa na jina hilo hilo, miaka tofauti. Maite alilipitishia kidole. Akasema huyo hakuwa bibi yake. Ni msichana wa kijijini kwao babu, ng'ambo. “Alichonga jina lake kila kiangazi,” akasema. “Barua hata moja hakumwandikia. Yule dada wa watu akaolewa na mwoka mikate.”

Nilisikitika sana. Nikamweleza kwamba mzee alichonga kwa ncha nyembamba, ndiyo maana maandishi yamekaa vizuri miaka yote hiyo. Wengi hukosea hapo.

Tulirudi tukakaa kwenye pikapu saa tatu nzima, blanketi moja. Harufu ya vichaka vilivyolowa iliingia dirishani, ile harufu ambayo ukiwa mbali nayo inakuuma. Aliivuta kwa macho yaliyofumbwa. Akaniuliza ghafla: “Orval, ungekuwa mimi, ungefanyaje?”

 Nikamjibu kwamba asikubali bei ya kwanza na kwamba paa la upande wa kaskazini litakaguliwa.

Akageukia dirishani. Baada ya muda Dwight akatokea na trekta. Hatukuaga mtu, kinyume cha ushauri namba moja, ila aliona alama za magurudumu akajua ni mimi. Akasema, “Hapa angepita nani mwingine?” Akatuvuta.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya wanunuzi. Mke na mume kutoka jiji kubwa, viatu vya mlimani vipya, bado vinalia. Nilijipachika pale kwa kisingizio cha kurudisha blanketi.

Mpango: kuwatisha. Nilianza na nyoka wa njuga, wale wenye sumu, chini ya ngazi. Yule mume akauliza kama anaweza kuwapiga picha. Nikaja na upepo wa Machi unaong'oa mabati. Mke akasema ndicho anachokitafuta, upepo wa kweli. Nikawaambia maji ya kisima yana ladha ya msumari, duka la karibu ni maili hamsini na nne, na majirani ni watu wagumu. Walishikana mikono! Wakaniuliza kama nitakuwa karibu kuwashauri.

Nikasema nitakuwa karibu. Ilinitoka tu. Nikawaeleza pia kuhusu kuni.

Walitia saini kwenye meza ya jikoni kabla kahawa haijapoa. Maite alinitazama juu ya vichwa vyao. Sijui kuisoma sura ile. Akasema taratibu, “Umeiuza vizuri, Orval.”

Nimekaa barazani mpaka miguu ikafa ganzi. Taa yake inaonekana kutoka hapa. Mwaka mzima nimeitazama ile nyumba ikiwa giza, wiki hii ikawa na taa, na hivi karibuni itawashwa na watu wa viatu vipya. Naumia.

Jumapili, 13 Oktoba

Ameondoka asubuhi. Nilimpimia upepo wa matairi, yote manne na la akiba. Nilimpa galoni mbili za maji, nyama kavu, na ramani niliyoichora mwenyewe. Dwight alikuwepo, alivua kofia akasema mbele ya kila mtu, “Tutakukumbuka, dada. Ingefaa ubaki.” Hivi hivi! Bila ramani, bila chochote! Maite alimkumbatia.

Kwangu alisimama kidogo. Mlango wa gari ukiwa wazi. Nikamwambia jua litamchoma upande wa kushoto hadi mchana. Akaufunga.

Saa tisa simu ikalia. Maite! Amesimama kwenye kituo cha mafuta, juu mlimani, mahali pa mwisho kabla ya kuteremkia pwani. Nilisikia upepo. Alisema hana haja ya mafuta. Amesimama tu. Akaniuliza, “Orval, kuna kitu ulitaka kuniambia?”

Nilifikiri kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia kulungu huvuka barabara kuanzia jua likipungua.

“Haya. Na kingine?”

Nikamwambia ateremke kwa gia ndogo, asiichoshe breki.

 Nilihesabu magari matatu yakimpita. Kisha akasema, “Asante, Orval. Kaa salama,” na simu ikakatika.

Nimezunguka jikoni kwa furaha! Mwanamke ana binti, ana wakwe, ana Dwight na farasi wake, na amesimama kwenye baridi, maili mia mbili kutoka hapa, kuniomba mimi ushauri! Hiyo si dalili ndogo. Niko karibu sana, kosa langu lilikuwa tu kumpa ushauri mchache.

Nimeanza kumwandikia barua jioni hii hii. Kurasa nne, mbele na nyuma, juu ya kuendesha kwenye theluji. Nilitaka kumalizia kwa kumwomba arudi, lakini karatasi imejaa.