Habari za Karani Aliyelitwaa Jiko kwa Siku Saba

Sogeeni, enyi mnaokula mkashiba bila kuuliza chakula kimetoka wapi, nanyi mnaoosha vyombo baada yao, sogeeni nyote. Zimeni redio. Mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, maana habari ninayoileta si ya majeshi wala ya wafalme waliogombania bahari. Wafalme hao nao walipikiwa, na waliowapikia hawakuandikwa popote. Hii ni kubwa kuliko hizo. Ni habari ya mwanamume aliyeingia jikoni mwake mwenyewe siku ya Jumamosi, akiwa na mtungi wa gesi na sufuria tatu, akatoka humo siku ya Ijumaa akiwa bado hai.

Mwanamume huyo ni Karani wa Masjala, Mlinzi wa Makabrasha, Mwenye Mihuri Mitatu, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakupoteza waraka hata mmoja, hata zile nyaraka ambazo wakubwa wake walimwomba kwa upole zipotee. Ofisini walimwita Asiyepoteza. Nyumbani aliitwa "wewe". Alikaa katika nyumba ya vyumba viwili na sebule pamoja na mkewe, fundi cherehani aliyeshonea hapo hapo sebuleni, na mama mkwe wake, bibi mwenye meno manne na adabu nyingi. Friji yao ilikuwa imekufa mwaka juzi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizika, wakaifanya kabati la vyombo.

Vita vilianza hivi. Jioni moja, mke akiwa ameinamia suruali ya mteja, alisema bila kuinua kichwa, "Pesa ya jikoni haitoshi. Vitu vimepanda. Niongezee."

Ndipo Asiyepoteza aliposimama, akavuta shati lake likanyooka, akaweka mkono kifuani, akaitoa hotuba ambayo ingefaa kusemwa juu ya farasi:

"Mke wangu! Nimesimamia rafu mia mbili na arobaini, na katika rafu hizo nimejifunza jambo moja. Hakuna upungufu duniani. Kuna kukosa mpangilio! Nikabidhi jiko kwa siku saba, kwa pesa ile ile ya kwenye kopo, nami nitawalisha ninyi wawili mpaka mshangae, ili ijulikane kwamba tatizo halikuwa pesa!"

Cherehani ikanyamaza. Wanaoijua nyumba ile wanajua kwamba cherehani ikinyamaza ghafla, mtu mwenye akili hutafuta kazi ya kufanya nje.

"Siku saba?" mke akauliza.

"Saba!"

"Na mimi nisiseme kitu."

"Usiseme kitu, wala usishike mwiko!"

"Basi andika. Wewe bila karatasi huwa husikii."

Akaandika. Loo, jinsi alivyoandika! Aliutunga mkataba wenye vifungu vinne na kifungu kidogo (b), akaupiga muhuri wa tarehe uliostaafishwa ofisini naye akauchukua kwa huruma. Ilielezwa humo kwamba Karani akishindwa kuilisha nyumba hata siku moja, ataongeza pesa ya jikoni, na hatalitamka tena neno "mpangilio" mbele ya moto. Akishinda, ombi la nyongeza litafungwa, wala halitafunguliwa tena maishani. Mke aliusoma, akauliza kama "maishani" ni neno la kisheria, kisha akatia sahihi. Mkono wake haukutetemeka. Wa Karani nao haukutetemeka, maana mtu asiyejua anakoelekea hatetemeki.

Siku hiyo hiyo akaiandaa Ratiba. Ilikuwa karatasi pana yenye mistari ya rula, wino mwekundu kwa siku na wino wa buluu kwa vyakula: Jumamosi, wali na maharage, Jumapili, viazi, Jumatatu, maharage, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa, ambapo palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa, limepigwa mistari miwili chini yake: KUKU. Aliibandika kwenye mlango wa jikoni, kando ya mkataba, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, na machozi yakamlengalenga.

Jumamosi asubuhi akashuka sokoni kama jemadari, kapu begani, orodha mkononi. Muuza nafaka, mama mnene aliyekaa juu ya gunia kama hakimu, alimtazama mara moja tu akamjua.

"Karibu, baba. Leo mama kakutuma?"

"Sikutumwa na mtu, ewe mwenye mizani! Nimekuja kwa mamlaka yangu mwenyewe. Nataka maharage, kilo moja na nusu."

"Kilo moja na nusu ni bei hii. Lakini mtu wa maana kama wewe ukichukua kilo nne, nakupunguzia."

Hapo kichwa cha shujaa kikavimba. Kwa miaka kumi na moja mkewe alikuwa akija hapa na kuondoka na kilo moja na nusu, naye sasa, kwa dakika mbili, amepata punguzo! Akachukua kilo nne. Pesa iliyozidi ilitoka kwenye fungu la viazi na lile la mboga za majani, lakini mashujaa hawatazami nyuma. Alirudi nyumbani kapu likimkata bega, akipiga mluzi.

Sasa sikilizeni kosa, maana ni kosa ambalo karani peke yake angeweza kulifanya. Masjala wana kanuni kwamba mafaili ya jambo moja hushughulikiwa kwa mkupuo mmoja. Karani akawaza: je, maharage si jambo moja? Kwa nini niwashe gesi mara tatu kwa juma, wakati naweza kuyachemsha yote leo, nikaokoa gesi? Akayaloweka yote. Yakajaa sufuria. Yakavimba, yakapanda ukingoni, yakainua kifuniko kama watu wanaochungulia dirishani. Akayagawa kwenye sufuria ya pili, kisha ya tatu, kisha kwenye beseni la kufulia, alilolisugua kwanza, tumtendee haki.

Mke aliingia kunywa maji. Akatazama sufuria, akatazama beseni, akatazama friji iliyojaa sahani. Akafungua mdomo. Akakumbuka kifungu cha tatu, kile cha kutosema kitu, akaufunga, akanywa maji, akarudi sebuleni. Cherehani ikaanza kwenda mbio isivyo kawaida, na mama mkwe anaapa hadi leo kwamba ndani ya mlio ule alisikia mtu akicheka.

Siku ile ya kwanza walikula vizuri, na wala sitamnyima sifa yake. Mke alikula sahani tele, akaongeza, akafuta sahani kwa kidole. "Mmeona!" akasema Asiyepoteza moyoni. Jumapili tena akala tele, na Jumatatu vivyo hivyo, naye Karani akaichukulia hamu hiyo kuwa ni heshima kwa mapishi yake. Wala hakujiuliza swali lingine lolote.

Lakini adui alikuwa ndani ya beseni. Maharage yaliyopikwa bila friji hayapendi kungoja. Jumapili jioni yalianza kunukia kwa namna isiyotajwa kwenye Ratiba, na tangu hapo ikawa lazima yachemshwe upya asubuhi na jioni, sufuria zote tatu, yasichache. Gesi iliyokuwa iokolewe ikawaka kama haijawahi kuwaka katika nyumba ile. Na viazi vya Jumapili vilikuwa vichache mno, kwa sababu tunayoijua, hivyo navyo vililiwa na maharage. Jumanne ya mboga za majani ikawa ya maharage. Karani akachukua kalamu akairekebisha Ratiba, akaandika pembeni, "Soma: maharage."

"Chakula kizuri sana, mkwe wangu," akasema mama mkwe, akitafuna taratibu kwa meno yake manne. "Na kesho?"

"Kesho, mama, tutaendelea na mpango uliopo."

"Hewala," akasema bibi yule, akayatazama maharage yake kama mtu anayeaga.

Jumatano Asiyepoteza alifanya alichoona kuwa ni kupunguza majeshi ya adui. Alibeba bakuli hadi kwa jirani, fundi viatu. "Pokea, jirani mwema, zawadi ya nyumba yangu!"

Fundi viatu akatoa misumari mdomoni. "Nashukuru, jirani. Ila la jana bado lipo. Na la juzi."

Alhamisi asubuhi mtungi ukakohoa mara mbili, ukatoa mwali mdogo wa buluu, ukazima. Karani akautikisa. Akauinamisha. Akaubembeleza kwa maneno ambayo hajawahi kumwambia binadamu. Kimya. Na kufikia saa sita mchana maharage yaliyobaki yalikuwa yametoa povu, nayo yakatolewa nje kwenye ndoo mbili, Karani akiwa mbele na pua yake imebanwa, katika maandamano ya mtu mmoja. Mchana huo walikula mkate na chai ya kuomba kwa jirani, na kwa kuwa mkate ni chakula, mkataba haukuvunjika. Lakini jasho lilikuwa likimtoka shujaa wetu hata pale aliposimama kivulini.

Ikabaki Ijumaa, na mlangoni neno lile kwa herufi kubwa. Ndani ya kopo palikuwa na pesa ya kuku, aliyoitenga tangu siku ya kwanza asiiguse. Lakini kuku bila moto ni mgeni tu. Alisimama muda mrefu mbele ya kopo lile. Kisha akapiga moyo konde, akaazima jiko la mkaa kwa fundi viatu, akanunua mkaa, akanunua nyanya mbili na kitunguu, na kwa kilichobaki akanunua mayai matatu. Kopo likawa tupu. Alipuliza mkaa mpaka macho yakawa mekundu na nyusi zikapungua, akapika wali, akakaanga nyanya, akachemsha mayai, peke yake, bila kuonja hata punje kwa hofu ya kupunguza kilichopo.

Jioni, jua bado likiingia dirishani, akawakaribisha mezani, akasimama.

"Wapendwa! Ratiba ilisema kuku, na kuku huyu hapa. Amewahi kidogo tu kuja, kabla ya kuanguliwa."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika meza. Hata mke akatabasamu. Kisha akasema, "Haya. Siku saba zimeisha na tumekula. Umeshinda. Ombi lifungwe."

Alisema bila hasira, kama anayesoma vipimo vya mteja. Asiyepoteza akavuta pumzi kujiandaa kwa hotuba ya ushindi. Na ndipo akaona mkono wa mkewe. Mkono ule ulichukua kijiko, ukalikata yai lake katikati, ukaweka nusu kwenye sahani ya mama yake. Ukachota wali, ukaongeza kwenye sahani ya mume, ukabakiza kwake kiasi cha kiganja. Mke mwenyewe hakuwa akiutazama. Alikuwa akizungumza na mama yake habari za zipu.

"Mbona hujajipakulia?" Karani akauliza.

"Nimeshiba. Nilishaonja onja huko jikoni."

Neno hili Karani alikuwa amelisikia kila jioni kwa miaka kumi na moja, nalo lilikuwa likimpita kama mlio wa cherehani. Lakini safari hii lilikwama.

"Umeonja nini?" akasema polepole. "Mimi ndiye niliyepika."

Mke akatazama sahani yake. Mama mkwe, kwa adabu yake, akaiinamia ile nusu ya yai aliyopewa, kisha akaacha kuitafuna.

Basi shujaa akahesabu, maana kuhesabu alijua. Akazikumbuka zile sahani tele za Jumamosi, za Jumapili na za Jumatatu, akaelewa kwamba hazikuwa sifa kwa mpishi. Lilikuwa ni juma la kwanza ambalo chakula kilizidi. Na ile pesa ya kwenye kopo, ambayo yeye alisema inatosha, kweli ilikuwa inatosha: iliwatosha watu wawili. Aibu ikampanda tangu kwenye nyayo, na kwa kuwa yeye ni mtu wa karatasi, hakujua pa kuiweka.

Akaenda mlangoni, akaung'oa mkataba. Akaandika chini yake, kwa mwandiko uliopinda, "Ombi la nyongeza limekubaliwa." Akapiga muhuri. Akaiweka karatasi mbele ya mkewe, na juu ya sahani yake akaliweka yai lake mwenyewe, zima.

Mke alisoma. "Umeandika limekubaliwa. Hujaandika kiasi."

Akaandika kiasi.

"Ongeza," akasema mama mkwe, ambaye hakuwa ameulizwa.

Akaongeza.

Pigeni vigelegele basi, enyi mliosogea! Atafutwe mchonga mawe, waitwe wapiga tarumbeta, na makarani wote wa dunia wafungue faili jipya. Majuma mia tano na sabini na mawili mwanamke yule aliilisha nyumba ile, na hakuna aliyesimama hata mara moja kumpigia makofi. Lakini juma hili moja limepata mwandishi, kwa sababu mpishi wake alikuwa mume. Andikeni kwa wino mwekundu kwamba katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa yake, siku ya Ijumaa, jua likiwa bado dirishani, Karani wa Masjala, Mwenye Mihuri Mitatu, Asiyepoteza, aligundua kwamba mkewe naye huona njaa.

Yai lilikuwa limeshapoa. Mke akalinyunyizia chumvi, akalila lote.